Nataka kushiriki rali ya jangwani: nianze na pikipiki, gimu au mchanga?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 38. Nimeendesha pikipiki kubwa ya safari kwa muda mrefu, zaidi barabarani na kidogo njia za vumbi. Nataka kushiriki rali ya jangwani ya watu wa ridhaa, ya siku tano au sita, baada ya mwaka mmoja na nusu. Nimeshaanza gimu, na naweka akiba ya kununua pikipiki ya rali. Je, ninunue ipi? Mwili uwe imara kiasi gani? Na ni kweli kwamba mchanga haufundishiki mpaka mtu afike jangwani kwenyewe?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu ya maana, lakini la nne, ambalo ndilo linawarudisha wengi kambini juu ya lori, hukuligusa kabisa: kusoma. Rali ya jangwani si mashindano ya nani ana mkono mwepesi wa mafuta. Ni kazi ya kusoma kitabu cha njia na kusoma ardhi, ukiwa umesimama juu ya vikanyagio, jasho likikuingia machoni, saa saba au nane mfululizo, na kesho yake unaamka usiku kuianza upya. Pikipiki na misuli vipo ili macho na akili viifanye kazi hiyo saa ya saba kama vilivyoifanya saa ya kwanza. Kwa hiyo maswali yako nitayajibu yote, ila nitayapanga kwa mfuatano wangu.

Tuanze na hicho kitabu. Kwenye rali za aina hii hupewi ramani yenye mstari wa kufuata. Unapewa karatasi ndefu iliyoviringishwa, ambayo unaifunga ndani ya kisanduku mbele ya usukani na kuisogeza kwa kitufe cha mkono wa kushoto. Siku hizi rali kubwa zinahamia kwenye skrini, lakini maandishi ni yaleyale. Karatasi yenyewe imegawanywa visanduku vidogo vilivyochorwa. Hebu tazama kimoja tu. Kushoto juu kumeandikwa 48.60, na chini yake 1.35. Katikati kuna mchoro: kitone ndipo unapotokea, mshale ndiko unakokwenda, na mistari mingine ni njia unazoziacha. Kulia kuna HP, CAP 85, alama mbili za mshangao na kijichoro cha mtaro. Maana yake ni kwamba umeshakwenda kilomita 48 na mita 600 tangu kuanza, kilomita 1 na mita 350 tangu kisanduku kilichopita, sasa unaiacha njia (HP) na kushika uelekeo wa dira wa nyuzi 85 (CAP), karibu mashariki kamili, mahali pasipo na njia yoyote, na hapo mbele kuna mtaro wa kukutupa chini. Alama moja ya mshangao ni tahadhari, mbili ni hatari, na tatu maana yake punguza mwendo mpaka karibu usimame. Vifupisho vingi vimetokana na Kifaransa, kwa sababu mchezo huu ulikuzwa na Wafaransa: D ni kulia, G ni kushoto, TDSPP ni endelea moja kwa moja kwenye njia kuu. Vikariri mpaka usivifikirie tena.

Kuelewa kisanduku ukiwa mezani ni kazi ya jioni moja. Kukielewa kwa mtupo mmoja wa jicho huku gurudumu la mbele linacheza kwenye mchanga ni kazi ya miezi. Anayeanza hukisoma kisanduku akiwa ameshafika kwenye kona, anafunga breki, anapitiliza, anageuza, anachoka. Mzoefu anasoma kimoja mbele. Akishapita pale 48.60, tayari anajua kuwa kinachofuata ni baada ya mita 900, kushoto, penye mti mmoja mkubwa, na anajisemea moyoni: mia tisa, kushoto, mti. Halafu anainua macho na hayarudishi chini mpaka ardhi iwe nzuri tena. Soma mahali pazuri, mahali pabaya endesha. Ukiona mtu anachungulia karatasi katikati ya mawe, subiri kidogo tu utamkuta yupo chini.

Kuna na suala la kihesabu umbali. Kitabu kiliandikwa na mtu aliyepita kwenye mstari wake; wewe utapita kwenye wako. Ukizungukazunguka vilima vya mchanga, kihesabu chako kitakimbilia mbele ya kitabu, na baada ya kilomita ishirini unaweza kuwa umepishana nacho mita mia tatu au nne. Hapo ndipo watu huanza kukata kona kwenye njia ambayo si yenyewe. Dawa ni kusahihisha kila unapofika mahali pasipo na shaka. Kisima, daraja, njia panda yenye nguzo: kitabu kinasema 62.10, wewe unasoma 62.45, bonyeza mpaka namba zilingane, ndipo uendelee. Usisahihishe mahali unapopahisi tu. Na uelekeo wa dira usiudharau: ukikosea nyuzi 5 tu kwa kilomita 10, unatokea karibu mita 900 pembeni ya ulipotakiwa kuwa. Kwenye uwanda usio na alama yoyote, mita 900 zinatosha kukukosesha kituo cha ukaguzi na kukupa adhabu ya muda ambayo mwendo wote wa siku hiyo hautailipa.

Habari njema ni kwamba haya yote unaweza kujifunza popote penye njia za vumbi, na kwa pikipiki uliyo nayo. Nunua kile kisanduku cha kufungia karatasi mbele ya usukani na kihesabu umbali mapema kuliko kitu kingine chochote. Kisha mtafute mwenzio. Yeye aende akaandike njia ya kilomita 40, wewe uandike yako, mbadilishane. Kuandika kunafundisha kuliko kusoma, kwa sababu unaanza kuona mambo ambayo mwandishi huyaona: njia ndogo iliyofichwa na kichaka, njia mbili zinazokwenda sambamba halafu zikaachana polepole. Mwanzo endesha kilomita 30 kwa saa. Ukizoea, fanya zoezi hilohilo baada ya saa mbili za kazi nzito, ukiwa umechoka na una njaa, kwa sababu ndivyo utakavyokuwa siku ya nne.

Kupotea utapotea, hilo lipokee. Mwaka 1977 Thierry Sabine, Mfaransa, alipotea jangwani akiwa juu ya pikipiki katika rali ya Abidjan–Nice na akaponea chupuchupu. Ndiye aliyekuja kuanzisha rali ya Paris–Dakar, ambayo siku hizi huitwa Dakar tu, iliyoondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978. Swali ni utafanya nini katika dakika tano za kwanza baada ya kugundua. Utaratibu wangu ni mmoja na sijauona ukishindwa: simama, zima injini, kunywa maji, kisha rudi kwa alama zako mwenyewe mpaka kwenye kisanduku cha mwisho ambacho una uhakika nacho asilimia mia. Usikate mkato kwenda kule unakodhani njia ipo. Na usifuate alama za tairi za wengine kwa sababu tu ni nyingi. Mtu wa kwanza akikosea, ishirini wanaomfuata wanamtengenezea barabara nzuri ya kupotelea. Vituo vingi vya ukaguzi vimefichwa makusudi: kifaa cha waandaaji kinakuonyesha mshale pale tu unapokuwa umeshakikaribia, kwa hiyo kukisubiri kikuongoze tangu mbali ni bure.

Sasa ardhi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu swali lako la tatu liko hapa.

Ni kweli nusu. Mkao na mkono wa mchangani vinafundishika popote penye mchanga laini, hata uwe eneo la mita hamsini. Unasimama, magoti yameibana pikipiki kidogo, uzito unaurudisha nyuma kiasi cha gurudumu la mbele kupata wepesi wa kuelea juu ya mchanga badala ya kulima. Mikono inakuwa milegevu. Usukani utacheza kushoto na kulia, uache ucheze. Anayeubana kwa nguvu ndiye huangushwa nao. Unaelekeza pikipiki kwa miguu, ukikandamiza kikanyagio cha upande unaoutaka. Mafuta unayashika sawasawa, gia moja juu ya ile uliyoizoea, na kupunguza mwendo unapunguza kwa mafuta, si kwa breki ya mbele. Macho yaende mbali. Kosa ambalo karibu kila anayetoka barabarani hulifanya ni kufunga mafuta pale pikipiki inapoanza kuyumba: uzito wote unakwenda mbele, gurudumu linazama, na yeye anapita juu ya usukani. Wakati ule ndipo pa kuongeza kidogo. Mwili haukubali mara ya kwanza, wala ya kumi, na ndiyo sababu ya kufanya mazoezi mpaka ukubali.

Na kabla ya mchanga kuna mwendo wa polepole. Namba nane kwenye nafasi finyu, kusimama bila kuweka mguu chini, kupanda kingo ndogo, kugeuza kwenye mteremko. Mambo haya yanaonekana ya kitoto na hayana picha nzuri ya kupiga, lakini hebu mtazame Laia Sanz wa Hispania. Alitokea kwenye mchezo wa traili, ule wa kupita juu ya mawe na magogo polepole bila kugusa chini, akiwa bingwa wa dunia wa wanawake mara nyingi. Kuanzia 2011 hadi 2021 alishiriki Dakar kwa pikipiki kila mwaka na kila mwaka alimaliza. 2015 alishika nafasi ya 9 kwa jumla. Mizani ya mwili haichoki upesi kama misuli.

Kisichofundishika nje ya jangwa ni kusoma vilima vya mchanga. Kilima kina upande unaopigwa na upepo, mteremko wake ni wa taratibu na mchanga wake umeshindiliwa. Upande wa kisogo mchanga umemwagika tu, laini, na mteremko wake unakaribia nyuzi 33. Kama upepo wa eneo lile unatoka upande mmoja kwa kawaida, utajua upande gani utakubeba na upi utakumeza. Unapanda kwa kasi iliyopatikana chini, kabla ya mteremko, halafu unapunguza karibu na kilele ili ufike juu ukiwa na mwendo wa mtu anayetembea, ugeuze pikipiki kidogo iwe sambamba na ukingo, uchungulie. Usiruke kamwe kilima ambacho hukuona upande wake wa pili. Chini kunaweza kuwa na shimo, au mtu aliyeanguka dakika moja iliyopita. Mteremko wa kisogo unaushuka wima, moja kwa moja, na mafuta kidogo. Ukiushuka kwa mshazari, gurudumu la mbele linateleza na pikipiki inakulalia mguuni.

Mwanga nao una habari zake. Asubuhi na jioni kila tuta lina kivuli chake, na mchanga wenye baridi ya usiku unashika vizuri. Saa sita mchana vivuli vinatoweka, kila kitu kinakuwa cheupe kimoja, na kilima chenye ukingo uliokatika ghafla kinaonekana kama uwanja. Watu hawaanguki mchana kwa uchovu peke yake. Wanaanguka kwa sababu hawaoni na hawajui kwamba hawaoni. Saa hizo, hata ukijisikia vizuri, punguza mwendo kwa kilomita kumi kwa saa.

Mchanga si ardhi pekee ya jangwa, wala si mbaya kuliko zote. Kuna feshi-feshi, vumbi laini kama unga ambalo limejaa ndani ya mashimo na kufunika mawe. Juu linaonekana laini na la amani. Kuna uwanda wa nyasi za vishungi, kila kishungi kimekusanya mchanga mpaka kimekuwa kinundu kigumu, na unapita kwenye vinundu hivyo kilomita kumi bila kupata mita mia za kupumzika. Kuna uwanda wa chumvi wenye gamba kavu juu na tope chini: kaa kwenye alama za waliopita, usijitengenezee njia. Na kuna mito mikavu, ambayo ukingo wake wa pili huwa mrefu kuliko ule ulioshukia. Kwa yote hayo kanuni ni ileile ya jicho: rangi ikibadilika, ardhi imebadilika, punguza kwanza, jiulize baadaye.

Utakwama. Kinachokumaliza si kukwama, ni dakika mbili za hasira zinazofuata. Gurudumu la nyuma likianza kuchimba, acha mafuta mara hiyohiyo. Kila mzunguko wa ziada unashusha pikipiki sentimita kadhaa na kuunguza klachi, na klachi ikiisha, rali imeisha. Shuka. Pumua kwanza, mara kumi hivi, si utani. Ilaze pikipiki ubavu, upande wa chini wa mteremko ukiwezekana. Gurudumu litatoka shimoni lenyewe. Fukia shimo kwa miguu na ushindilie. Shika gurudumu la mbele uizungushe pikipiki ikiwa imelala hivyohivyo, mpaka pua itazame chini ya mteremko. Ndipo uinyanyue, kwa miguu na mgongo ulionyooka, ukiwa umeipa kisogo kama uzito wake unazidi mikono yako. Ondoka na gia ya pili, klachi taratibu, ukitembea pembeni yake hatua mbili tatu kabla ya kupanda. Lifanye zoezi hili nyumbani ukiwa na mavazi yako yote. Mtu asiyeweza kuinyanyua pikipiki yake mara nane ndani ya saa moja, basi pikipiki hiyo si ya kwake kwa kazi hii.

Na hapo tumefika kwenye swali lako la kwanza. Usinunue pikipiki ya rali sasa. Wauzaji hawataipenda sentensi hii, lakini pesa hiyo itumie kwanza kwenye mafunzo na rali ndogo. Ile yako kubwa ya safari yenye silinda mbili, ambayo najua inapita kilo 200, iache kwa barabara na kwa mazoezi ya kitabu cha njia. Tafuta enduro, yaani pikipiki nyepesi ya njia mbovu, ya silinda moja, cc 450 au hata pungufu, iliyotumika lakini yenye historia inayojulikana. Itakuwa na uzito wa kilo mia na kumi na kitu, na kila kilo unayoipunguza ni kilo usiyoinyanyua saa tisa mchana. Dakar yenyewe, tangu 2011, hairuhusu pikipiki inayozidi cc 450. Na mshindi wa kwanza kabisa wa rali hiyo, Cyril Neveu, alishinda na Yamaha XT500, mashine ya silinda moja isiyo na mbwembwe yoyote.

Tatizo la enduro ni tangi: lita nane au tisa. Mchangani ulaji wa mafuta unaweza kupanda mara moja na nusu ya kawaida au zaidi, na rali nyingi hutaka uwe na uwezo wa kwenda mwendo mrefu bila kujaza. Zile kubwa za kimataifa hudai takriban kilomita 250. Kwa hiyo utafunga tangi kubwa zaidi. Lakini fikiria kwamba lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo, na lita 30 ni zaidi ya kilo 22 ambazo hazikuwepo ulipokuwa ukifanya mazoezi. Fanya mazoezi na tangi lililojaa. Springi na shokomzoba zirekebishwe kwa uzito huo pamoja na wako, zana na maji. Kama kuna kifaa kimoja cha ziada ambacho sitakubishia, ni kituliza usukani, kinachouzuia kurushwa ghafla. Pamoja nacho, bamba imara chini ya injini.

Tairi: ama tyubu nene pamoja na kibano kinachozuia tairi kuzunguka kwenye rimu, ama duara la sponji linalochukua nafasi ya tyubu na lisilotoboka. Sponji ni nzuri mno kwenye mawe, ila haipendi lami ndefu ya mwendo kasi. Inapata joto na kusagika. Ukitumia tyubu mchangani, upepo ushuke mpaka karibu 0.8 au 1.0 ba, na uongeze ukirudi kwenye mawe, maana hapo rimu ndiyo itakayolipa.

Kama utasahau kila kitu kuhusu injini, usisahau chujio la hewa. Vumbi la jangwani likipenya linasaga ringi za pistoni, na injini iliyoondoka asubuhi na nguvu inarudi jioni ikivuta moshi. Kila jioni kambini: panguza kwanza sehemu yote inayozunguka kisanduku cha chujio, ndipo ukifungue, maana kinachoanguka wakati wa kufungua kinaingia moja kwa moja ndani. Toa chujio lililochafuka, pitisha kitambaa safi kwenye mdomo wa njia ya hewa na ukitazame. Kikiwa na chembe hata moja, kuna mahali panavuja, na hulali mpaka umepaona. Paka grisi ukingoni, weka chujio jingine safi lililokwisha kutiwa oili nyumbani na kufungwa kwenye mfuko. Beba moja kwa kila siku ya mashindano. Kufua chujio usiku, gizani, na maji ya kupimiwa, ni adhabu ya kujitakia. Baada ya hapo badilisha oili ya injini, kaza spoki, kagua mnyororo, pitia kila bolti. Zipigie bolti mstari wa rangi nyumbani, nusu kwenye bolti nusu kwenye chuma, ili iliyolegea uione kwa tochi bila kuigusa. Kazi yote hiyo inapaswa kukuchukua chini ya saa moja. Kama inakuchukua tatu, umeshaiba usingizi wa kesho.

Mwili. Gimu ni nzuri, ila nahofia unafanya ya kifua na mikono, kama wengi. Unachohitaji ni mapaja yanayovumilia kusimama saa nyingi, kiuno na mgongo, na pumzi ndefu: baiskeli, kukimbia au kupiga makasia kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea, saa moja na nusu hadi tatu kwa mkupuo. Mikono ikijaa na vidole kukataa kushika klachi, mara nyingi chanzo si udhaifu wa mikono. Ni miguu iliyochoka, mwili ukaanza kuning'inia kwenye usukani.

Joto lina sheria zake. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kulizoea, kwa hiyo ukitoka mahali pa baridi fika mapema, au fanya mazoezi ya joto kabla ya kuondoka. Ukifanya kazi nzito juani unaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa. Mfuko wa maji mgongoni wa lita 3 ndio wa kawaida, na Dakar wanaukagua. Kunywa mafunda madogo mara kwa mara, tangu asubuhi, kabla kiu haijaja. Sehemu ya maji iwe na chumvi na sukari. Maji matupu mengi mno huku ukitoa jasho yanashusha chumvi ya damu, na dalili zake zinafanana na za kukauka: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Ukianza kukosea visanduku rahisi au kukasirikia kitabu, hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na utaiona wewe kabla ya daktari. Kivuli, maji, dakika kumi. Mwenzako akiongea mambo yasiyoeleweka na ngozi yake inachoma, hilo si la kusubiri: mpoze kwa maji na kivuli na ubonyeze kitufe cha dharura.

Kuhusu hicho kitufe, jifunze kukitumia ukiwa umefumba macho. Waandaaji watakupa kifaa cha kufuatiliwa, na katika rali zenye magari mtapewa pia king'ora kinachokuonya kwamba gari la nyuma linataka kupita. Ukikisikia, sogea pembeni mahali unapoonekana; usijaribu kushindana na gari ndani ya vumbi. Ukimkuta mtu ameumia, unasimama. Hilo halina mjadala, na muda uliosimama kumsaidia waandaaji hukurudishia. Mavazi sitayarefusha: helmeti inayokubalika na kanuni za rali husika, kinga ya shingo, buti ngumu za enduro, kinga halisi za magoti, na fulana ya hewa, ile inayojaa hewa yenyewe ukianguka, kama inaruhusiwa. Kwenye Dakar ni lazima tangu 2021. Buti na glavu vaa miezi kabla, usiende na vipya.

Miezi 18 inatosha, ukiigawa hivi. Nusu mwaka wa kwanza ni enduro, mwendo wa polepole na karatasi. Kisha nenda kwenye rali moja yenye kitabu cha njia lakini isiyo na vilima vya mchanga. Hellas Rally ya Ugiriki, yenye njia za milimani, ni mfano mzuri, na utajifunza maisha ya kambi bila kupambana na mchanga kwa wakati mmoja. Miezi michache kabla ya rali yako, tafuta mafunzo ya siku nne au tano kwenye vilima halisi, kama vya Erg Chebbi karibu na Merzouga huko Moroko, pamoja na mwalimu na gari la msaada. Usiende huko peke yako kujifunza. Dakar iache kando kwa sasa. Hata ukiwa na ada mkononi, hawakupokei bila kuthibitisha kwamba umeshashiriki rali nyingine wanazozitambua.

Hukuuliza kuhusu bima, nami naona wengi hulikumbuka wakiwa uwanja wa ndege. Bima za kawaida za safari nyingi hazigusi mashindano ya vyombo vya moto, na nyingine hazigusi pikipiki kabisa ikizidi cc kadhaa. Soma vipengele vinavyotaja yasiyolipwa, kisha uliza kwa maandishi mambo matatu: je, inalipa nikiwa mshindani, je, inalipa kutolewa jangwani kwa helikopta, na je, inalipa kurudishwa nyumbani nikiwa nimelala machelani. Jibu la simu halitoshi; subiri la maandishi, na nakala yake mwachie mtu wa nyumbani.